Asali ya barabarani ikiganda, si lazima iwe sukari

Swali: Mimi ni mama wa Kisauni. Nilipanda basi kwenda kumtazama mjukuu wangu Limuru, ambako binti yangu ameolewa. Tuliposimama Mtito Andei vijana wakaja dirishani na asali. Nikaonjeshwa kwenye kifuniko, nikaiona tamu, nikanunua chupa mbili. Jirani yangu mmoja ndani ya basi aliijaribu kwa njiti ya kiberiti ikawaka, na tone lake likazama kwenye maji bila kuyeyuka, tukasema hii ndiyo yenyewe. Wiki chache baadaye binti ananipigia kuwa yote imeganda nyeupe, na wakwe zake wanasema nimewapelekea sukari. Nimeona haya. Je, niliibiwa? Na safari ijayo nionje vipi, ninunue vipi? Tena binti anauliza kama anaweza kumpaka mtoto kidogo ulimini, ana kikohozi na umri wake ni miezi saba.

Jibu: Shikamoo mama. Naanza na la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Mjukuu asipewe asali mpaka atimize mwaka mmoja, hata ile ya kupaka tu ulimini. Hapa haijalishi kama asali ni safi au imechanganywa. Asali safi kabisa inaweza kubeba mbegu za kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga bado; zikimea humo hutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Kuichemsha asali jikoni hakuziui. Kikohozi cha mtoto wa miezi saba ni cha kupelekwa zahanati. Binti mwenyewe, hata kama ananyonyesha, na ale asali yake bila wasiwasi.

Sasa hizo chupa mbili. Kuganda kwake si ushahidi wa wizi. Asali ni sukari nyingi iliyobanwa ndani ya maji machache: karibu asilimia 80 ni sukari, na maji kwa kawaida hayafiki asilimia 20. Sukari kuu ni mbili, fruktosi na glukosi, na hiyo glukosi ndiyo isiyopenda kubaki majimaji. Ikipata baridi ya kadiri na kitu cha kushikilia, kama chavua au kipande kidogo cha nta, hujikusanya ikawa chembe. Joto ambalo kazi hiyo huenda kasi zaidi ni kama nyuzi 14. Na Limuru, mama, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kabati la jikoni la huko usiku ni kama limetengenezwa makusudi kwa kugandisha asali. Chupa hiyohiyo ungeiacha Kisauni, pengine mpaka leo ingekuwa inamiminika. Tena asali ya barabarani huchujwa kwa kitambaa au chujio la chai, kwa hiyo chavua na vumbi la nta hubaki ndani kwa wingi. Ile ya dukani inayong'aa miezi na miezi mara nyingi imepashwa moto na kupitishwa kwenye chujio laini sana. Waambie wakwe waweke chupa ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, nyuzi 40 hivi, waiache mpaka ilainike. Wasiiweke jikoni juu ya moto.

Lakini nisikupe furaha ya bure: kuganda hakuthibitishi kuwa ni asali pia. Shira nzito ya sukari nayo hutua chembe. Tofauti ninayoitazama ni hii: chembe za asali huyeyuka ulimini mara moja na utazikuta zimeenea chupa nzima, au zimekaa chini kama uji laini. Chembe za shira iliyoharibika huwa ngumu, kubwa, zinasagika kwenye meno kama sukari ya kwenye bakuli, na juu yake panabaki maji mepesi. Ni dalili tu, lakini binti anaweza kuijaribu leo.

Kuhusu kiberiti na tone la maji, naomba ufikirie shira ya kaimati. Unajua wewe kuliko mimi kwamba shira bila ndimu hurudi ikawa chembe, na ukiikamulia ndimu inabaki laini na yenye kung'aa. Kinachotokea ndani ya sufuria ni kwamba asidi ya ndimu na moto huipasua sukari ya miwa ikawa glukosi na fruktosi. Ndizo zilezile sukari za asali. Nyuki hufanya kazi hiyo kwa kimeng'enya kilichomo mwilini mwake, mpishi huifanya kwa ndimu. Basi mtu mwenye sufuria, sukari, ndimu na subira anaweza kupika kitu kinachozama kwenye maji bila kutawanyika, kinachokaa juu ya kidole gumba bila kumwagika, na kisichozuia njiti kuwaka. Vipimo vyote hivyo hupima uzito wa umajimaji na kiasi cha maji, havijui kama kitu hicho kimepitia kwa nyuki. Kile cha kutazama kama sisimizi wataikaribia ndicho dhaifu kuliko vyote; sisimizi wanakula asali halisi, na wakishiba au wakiwa na njia yao nyingine wataipita hata shira.

Na usidhani ni udhaifu wetu sisi tu. Ripoti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ilipima sampuli 320 za asali iliyoingizwa huko kutoka nchi za nje, na 147 kati yake zikashukiwa kuchanganywa na shira. Hao wana maabara za kusoma aina ya kaboni iliyomo kwenye sukari, kwa sababu sukari ya miwa na ya mahindi huacha alama tofauti na ile ya maua mengi. Mimi na wewe dirishani mwa basi tuna ulimi, pua, na maswali. Si haba, ila tuvitumie ipasavyo.

Tuanze na ulimi. Ulionjeshwa kwenye kifuniko, ukasema tamu. Utamu haukuambii chochote. Kila kilichomo kwenye orodha ya washukiwa ni kitamu. Kwanza suuza kinywa kwa maji, hasa kama umetoka kunywa soda au kutafuna peremende ya tangawizi, maana ulimi uliochoka na sukari hauwezi kazi. Kisha nusa kabla ya kuonja. Asali ina harufu ya kitu zaidi ya kimoja: nta, ua, mara nyingine moshi. Shira ya sukari karibu haina harufu, na ile ya sukari guru hunuka miwa iliyopikwa, harufu unayoijua vizuri. Weka kiasi cha ukucha ulimini, usimeze, kiache kiyeyuke. Shira hukupiga kwa utamu wote mara moja kisha inaisha, kinywa kinabaki kinanata basi. Asali hufika kwa zamu: utamu, halafu uchachu mdogo nyuma ya ulimi, halafu kitu kinachokwaruza koo kidogo, kisha harufu inapanda puani baada ya kumeza. Asali ina asidi yake ya asili, ndiyo maana ya ule uchachu, lakini ni uchachu mpole. Ukisikia ukali wa wazi wa ndimu, au uchungu wa sukari iliyoungua, rudisha kifuniko na ushukuru.

Moshi usikudanganye upande wowote. Warina asali wengi wa mizinga ya magogo hutumia mwenge, na moshi huingia kwenye sega. Wengine hupenda ladha hiyo, wanaiona ndiyo ya kienyeji. Kwangu moshi mwingi ni alama ya urinaji wa haraka, na mara nyingi huandamana na kosa jingine: sega limekamuliwa lote pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Majana wakikamuliwa, asali inakuwa na ukungu wa maziwa, ladha nzito, na inachacha upesi. Haikudhuru, ila haidumu. Rangi nayo haina hukumu. Asali ya mgunga huweza kuwa nyepesi na ya dhahabu, na nyingine ikawa nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, zote halali. Inategemea ni mti gani ulichanua.

Jambo muhimu kuliko yote ya kuonja: onja chupa utakayonunua. Kifuniko cha kuonjeshea mara nyingi kina chupa yake maalum, na chupa hiyo haiuzwi. Sisemi kila kijana ni mwongo. Wengi wao wamenunua kwa mtu wa kati na hawajui zaidi ya wewe. Lakini mwambie, kwa upole, "mwanangu, fungua hii ninayoichukua." Akisita, umeshapata jibu bila kupima chochote. Ukifungua, nusa pia chupa yenyewe, kwani nyingi zimetumika kabla: za maji, za pombe kali, mara nyingine za vitu ambavyo hutaki kujua. Nyuki wawili watatu waliokufa wakielea juu, au kipande cha sega kilichodumbukizwa, ni mapambo. Sega linaweza kutiwa ndani ya shira bila taabu, na nyuki waliokufa hawakosekani popote penye mzinga.

Ila sega zima ni habari nyingine. Nyuki hufunika chumba kwa kifuniko chembamba cha nta pale tu asali ilipokwisha kukaushwa na kuiva. Ukikuta mtu anauza sega bichi, vyumba vingi vimezibwa kwa nta kavu, hakuna anayeweza kuiga kazi hiyo kwa sufuria. Inabaki tashwishi ndogo tu, kwamba mfugaji anaweza kuwalisha nyuki maji ya sukari nao wakayaweka kwenye sega, lakini kwa mzinga wa gogo ulioning'inizwa mtini porini ni nadra. Kama basi halikusubiri na una nafasi ya kununua kitu kimoja, nunua sega.

Ukifika nyumbani kuna kipimo kimoja ninachokiheshimu, na kinahitaji mizani ya jikoni tu. Asali iliyoiva ni nzito kuliko maji kwa mara 1.4 na ushei. Kipime chombo kitupu, kijaze maji mpaka alama fulani, pima, kisha kijaze asali mpaka alama hiyohiyo. Nusu lita ya maji ni gramu 500. Ya asali inapaswa kuwa kama gramu 700 na kitu. Sukari ya kawaida iliyoyeyushwa mpaka haiyeyuki tena haizidi sana mara 1.33, yaani gramu 665 hivi. Ukipata chini ya 670, umeuziwa maji ya sukari au asali iliyotiwa maji. Ukipata 680 hadi 690, huenda ni asali, ila ilirinwa haijaiva. Itumie mapema, usiiweke akiba. Shira iliyopikwa ikakolea sana inaweza kukipita kipimo hiki, kwa hiyo kinakamata wezi wavivu, si wezi hodari. Kwa bahati nzuri wavivu ndio wengi.

Kupindua chupa na kutazama povu la hewa likipanda polepole watu wengi hufanya, nami hufanya, ila kumbuka joto. Asali inalegea kwenye jua. Mtito Andei saa saba mchana chupa iliyokaa juu ya meza tangu asubuhi itakwenda kama mafuta ya kupikia. Alfajiri chupa ileile haisogei. Hilo jua lina ubaya wake pia. Joto la muda mrefu huua harufu na huongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo viwango vya kimataifa vya Codex vinaiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama zetu. Kwa hiyo chagua chupa iliyo kivulini, hata kama ya mbele ndiyo inayong'aa zaidi.

Halafu maswali. Muulize: imetoka kijiji gani, imerinwa lini, mzinga wa aina gani, mwaka huu mvua ilikuwaje? La mwisho ndilo ninalolipenda. Anayejua asali atakueleza habari ya mvua bila kuombwa mara mbili, kwa sababu ukame ukiwa mkali miti haichanui na mizinga inakuwa mitupu. Asemaye ana asali mpya kila wiki, mwaka mzima, rangi ileile, ladha ileile, anauza kitu kisichotegemea maua. Tazama bei pia. Ukiambiwa bei inayokaribia ya sukari, kuna sababu. Ukishusha bei mpaka nusu kwa sentensi mbili, usijisifu kwa ufundi wa kupatana.

Ungependa kujua wapi. Upande wa barabara kuu ya Nairobi, asali nyingi ya Kibwezi, Makindu na Mtito Andei hutoka Ukambani, na watu wa huko ni warina asali wa tangu zamani. Tatizo haliko kwenye nyuki wao, liko kati ya mzinga na dirisha la basi. Ukiwa na gari la familia, simama kwenye kibanda cha kudumu ambacho utakikuta tena ukirudi, kwa sababu mwenye kibanda ana jina la kulinda na mwenye ndoo mkononi hana. Voi napo pana jambo la kupendeza. Sagalla, karibu na hapo, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Lucy King pamoja na shirika la Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kila baada ya kama mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa, mizinga yote inatikisika, na tembo, kwa ukubwa wake wote, anawaogopa nyuki wanaomvamia machoni na mkongani. Asali ya mizinga hiyo huvunwa na kuuzwa. Ukiipata, unajua shamba lake.

Wewe lakini ni mtu wa Kisauni, na hulazimiki kwenda mbali. Ukishika njia ya Malindi, Gede kuna mradi wa Kipepeo uliokuwapo tangu 1993, unaonunua bidhaa kutoka kwa wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, na asali ni mojawapo. Kuna pia vikundi vya Pwani vinavyoweka mizinga ndani ya mikoko, ambako nyuki ni walinzi wazuri, mkata mikoko hapendi kuwakaribia. Huko pwani utakutana pia na asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hiyo ni nyepesi, ina uchachu wa wazi na maji mengi kwa asili yake, kwa hiyo vipimo vyangu vya uzito visiihukumu. Inauzwa kwa chupa ndogo na ghali, na watu huitafuta kwa dawa. Tunayo pia Mombasa asali ya Yemen, ya mkunazi, ambayo wengine huapa haina mfano. Ni nzuri, lakini bei yake ndiyo inayowavuta waigaji kuliko ya Mtito, na muuzaji wa duka lenye marumaru anaweza kudanganywa sawasawa na kijana wa dirishani.

Ukinunua ya dukani, tazama alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kutuma ujumbe mfupi, SM# ikifuatwa na nambari hiyo, kwenda 20023, ukajibiwa kama kibali ni cha bidhaa hiyo kweli. Inafanya kazi kwa bidhaa yenye nembo. Kwa asali iliyotiwa kwenye chupa ya maji huna pa kuanzia.

Ninachokushauri kwa safari ijayo ni kununua chupa ndogo moja kwa kila muuzaji, hata ikiwa ghali kidogo, uandike kwenye kipande cha karatasi mahali na mwezi, uifunge chupani. Ukiipenda, omba nambari ya simu yake ukirudi. Wengi wanayo na watakuletea kwenye basi lijalo. Kwa treni ya SGR hilo haliwezekani, wachuuzi hawafiki dirishani.

Njiani usiiweke nyuma ya kioo cha gari wala buti. Nyumbani isiwekwe friji, iwekwe kabatini, ifunikwe sawasawa. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na asali iliyoachwa wazi hunywa unyevu huo mpaka ikawa nyepesi juu, na hapo ndipo hamira ya asili iliyomo huamka. Ukiona povu, harufu ya mkate uliochacha, au chupa ya plastiki imevimba na inapiga "psss" ukiifungua, imechacha. Hiyo usiiweke kwenye mahamri ya wageni. Na kijiko, mama, kiwe kikavu.